Nje Imeiva, Ndani Bado

Watu wa Bagara, kabla hamjatia kinywani kipande kingine cha kitimoto, kikateni katikati. Tazameni ndani.

Nyama ya nguruwe inayokaangwa jioni hapa Bagara, mjini Babati, inanukia. Rangi yake ya kahawia inavutia. Harufu na rangi vyote vinatoka nje ya kipande. Havisemi lolote kuhusu ndani.

Hatari iko ndani.

Hatari hiyo ni mnyoo aitwaye tegu wa nguruwe. Akiwa mchanga anakaa katika nyama, ndani ya kifuko chenye maji, kidogo kama punje ya mchele au kuzidi hapo kidogo. Nyama ikiiva, anakufa. Isipoiva, anaingia katika utumbo wa mlaji, anajishikiza, anakua hadi mita kadhaa na kuishi humo miaka. Mlaji hajui. Hana homa, wala haumwi tumbo kiasi cha kwenda hospitali. Anaendelea na kazi zake, na akienda haja anatoa mayai kwa maelfu.

Mayai hayo ndiyo msiba. Mtu akiyameza, kwa mkono mchafu, kwa mboga au kwa maji, watoto wa tegu hawabaki tumboni. Wanapenya hadi kwenye damu, kisha wanajenga vifuko katika misuli, katika macho, katika ubongo. Kifuko cha ubongo kinaweza kunyamaza miaka mingi. Siku moja mtu anaanguka kifafa.

Sahani, tumbo, choo, mkono, ubongo. Huo ndio mnyororo wenyewe.

Jirani zetu wa Mbulu wamekwisha kupimwa. Mwaka 2004 watafiti wakiongozwa na Helena Ngowi wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, walichapisha matokeo ya uchunguzi wao wilayani humo. Walikagua nguruwe 770 katika vijiji 21, kwa kuvuta ulimi na kupapasa chini yake. Asilimia 17.4 walikutwa na vifuko vya tegu. Kuna kijiji ambako karibu nusu ya nguruwe waliokaguliwa walikuwa navyo.

Na kupapasa ulimi ni kipimo hafifu. Nguruwe mwenye vifuko vichache anapita bila kugunduliwa. Hesabu ya kweli ni kubwa kuliko hiyo.

Katika wilaya hiyo hiyo, kwenye Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, Daktari Andrea Winkler na wenzake waliwapiga wagonjwa wa kifafa picha za ubongo. Katika zaidi ya wagonjwa 15 kati ya kila 100, picha zilionyesha vidonda vya tegu. Hao ni watu ambao ugonjwa wao ungeweza kuzuiwa jikoni, chooni na bandani. Wenye kifafa majirani mara nyingine huwaita waliorogwa. Wengine huangukia moto wakipika.

Kwa Tanzania nzima, watafiti walikadiria kwamba mwaka 2012 watu zaidi ya 17,000 walikuwa wakiishi na kifafa kilichotokana na tegu huyu, na kwamba zaidi ya 200 walikufa mwaka huo. Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Chakula na Kilimo yalitoa orodha ya vimelea 24 vinavyoambukiza watu kupitia chakula, yakivipanga kwa uzito wa madhara.

Tegu wa nguruwe alikuwa wa kwanza.

Bagara imo katika njia ya nyama hiyo. Babati ni mji wa njia panda. Barabara ya Arusha inaingia, ya Kondoa na Dodoma inatoka, ya Dareda inatoka kuelekea Singida na Mbulu. Mji unakua, na wanaokula wanaongezeka. Nguruwe anatoka kijijini asubuhi, na jioni yuko kwenye karai. Katikati ya asubuhi na jioni kunapaswa kuwa na mkaguzi wa nyama. Mara ngapi yupo? Kila mla kitimoto ajiulize lini mara ya mwisho aliona mhuri kwenye nyama aliyoinunua.

Sasa nieleze kwa nini jicho na pua vinatudanganya. Hapa ndipo wengi wanapotelea.

Mwaka 1912 mkemia wa Ufaransa, Louis-Camille Maillard, alieleza kinachotokea sukari na viungo vya protini vinapokutana kwenye joto. Vinaungana, vinavunjika, vinazaa mamia ya vitu vipya vyenye harufu na rangi. Ndiyo harufu ya nyama choma, ndiyo ukoko wa kahawia. Nyama mbichi haina harufu hiyo hata kidogo. Ladha tunayoipenda inazaliwa motoni.

Lakini inazaliwa juu tu. Kazi hiyo inakwenda kasi joto likikaribia nyuzi 140 na kuendelea, na joto hilo linapatikana pale tu ambapo maji yamekwisha kukauka. Juu ya kipande, kinapogusana na mafuta ya moto, maji hukauka upesi. Ndani ya kipande maji bado yapo tele. Maji yakiwapo, joto la ndani haliwezi kuvuka nyuzi 100, na huchukua muda mrefu kufika hata nusu ya hapo. Nyama hupitisha joto polepole. Kipande cha unene wa vidole vitatu, kilichotupwa kwenye mafuta yanayochemka, kinaweza kupata ukoko mzuri na harufu kamili huku katikati yake bado kuna uvuguvugu.

Uvuguvugu haumuui tegu.

Ndiyo maana moto mkali ni adui hapa. Moto mkali unamaliza nje haraka na kumpa mpishi ishara ya uongo. Mteja naye anapiga meza, gari lake linaondoka, anataka nyama yake. Harufu imetoka, rangi imekuja. Nyama inapakuliwa, inazungushiwa ndizi na kachumbari, inaliwa. Hakuna aliyetazama ndani.

Na limau haliui. Pilipili haiui. Wapo wanaosema pombe kali ikishushwa juu ya nyama inamaliza kila kitu tumboni. Haimalizi. Jokofu la kawaida la buchani nalo haliui. Ubaridi wake unamhifadhi tegu pamoja na nyama. Kinachoua ni joto lililofika katikati, au kugandisha hasa, nyuzi 10 chini ya sifuri au zaidi, kwa siku 10 mfululizo. Friza ya mtaani, kwa umeme unaokatika, isihesabiwe.

Kuna jambo jingine ambalo halisemwi, nalo ni kubwa. Wapishi wengi wanajua kwamba nyama inapaswa kuiva. Kwa nini basi wanaiwahisha kuitoa? Kwa sababu ikikaa motoni inasinyaa. Kilo iliyopimwa mbele ya mteja inarudi mezani ikiwa robo tatu, ngumu, kavu, haina ladha. Mteja ananuna. Mpishi anajifunza kuitoa mapema, ingali na maji yake.

Wengi wanamlaumu mpishi. Mimi nasema kosa lilianza saa nyingi kabla ya karai.

Tazameni nguruwe anavyofika mjini. Amefungwa miguu, amelazwa kwenye kiti cha nyuma cha pikipiki, kichwa kinaning'inia, jua la saa sita juu yake. Anapiga kelele njia nzima. Nguruwe hatoki jasho la kumpoza kama binadamu. Anafika akihema, amechemka mwili, moyo unakimbia. Anateremshwa, anachinjwa palepale.

Nyama yake imekwisha kuharibika kabla ya kisu.

Sayansi yake iko wazi. Watafiti wa Ulaya na Marekani waliichambua katika miaka ya 1950 na 1960, na haijabadilika tangu hapo. Misuli ya mnyama ina akiba ya sukari iitwayo glaikojeni. Mnyama akifa, akiba hiyo inageuka asidi. Kwa nguruwe aliyetulia, asidi inapanda polepole kwa saa kadhaa, huku mwili ukipoa. Kipimo cha pH kinashuka kutoka kama 7 hadi karibu 5.6, na nyama inabaki na maji yake, rangi yake na ladha yake. Kwa nguruwe aliyehangaishwa, mbio hizo zinamalizika ndani ya saa moja, mwili ukiwa bado wa moto. Asidi na joto vikikutana vinaharibu protini zinazoshika maji. Nyama inapauka. Inalegea. Inatoa maji ikiwa imening'inizwa tu, na kwenye karai inayamwaga yaliyobaki. Nguruwe wa kisasa wenye damu ya Landrace au Pietrain wanaumia zaidi na hali hii kuliko wa kienyeji, na damu za kisasa tunaziingiza mabandani mwetu tukitafuta ukubwa.

Kuna upande wa pili pia. Nguruwe aliyesafirishwa mbali na kufungwa siku nzima bila chakula anamaliza akiba yote ya sukari kabla ya kufa. Nyama yake inakuwa nyeusi, kavu, na inaoza upesi kwa sababu haina asidi ya kutosha kuzuia bakteria. Wachinjaji wa ng'ombe wanaijua nyama hiyo vizuri, hasa ng'ombe waliotembezwa hadi mnadani na kuchinjwa bila kupumzika.

Unganisheni sasa. Mateso ya njiani yanafanya nyama imwage maji. Nyama inayomwaga maji inamfanya mpishi aitoe mapema. Nyama iliyotolewa mapema inampitisha tegu. Ubora wa nyama na usalama wa mlaji ni jambo moja.

Nguruwe akiletwa kwa kitu chenye nafasi, asubuhi na mapema kabla ya jua, akapewa maji, akapumzishwa kivulini saa kadhaa kabla ya kuchinjwa, nyama yake itakaa motoni hadi kuiva kabisa na bado itakuwa na maji na utamu. Mteja hatanuna. Mpishi hatakuwa na sababu ya kuwahisha. Gharama yake ni ndoo ya maji, kivuli na subira ya nusu siku.

Sasa nizungumze na asiyekula nguruwe.

Bagara ni kata ya Waislamu na Wakristo, Wagorowa, Wairaqw, Warangi, Wabarbaig, Wamasai na wengine wengi waliokuja kwa biashara na kazi. Wapo ambao nguruwe hajawahi kuvuka mlango wao. Wasidhani wako salama. Anayekula nyama mbichi anapata mnyoo tumboni. Anayemeza mayai anapata vifuko kichwani. Mayai yanatoka kwa mtu, si kwa nyama. Yanatoka kwa muuza matunda mwenye mnyoo ambaye hakunawa. Kwa msaidizi wa jikoni. Kwa fundi aliyejisaidia kwenye mahindi kando ya shamba la mchicha. Yanaweza kukaa hai miezi kwenye udongo wenye unyevu. Na Bagara ina unyevu. Ziwa Babati liko pale pale Ziwani, na wazee wanakumbuka mafuriko ya 1990. Maji yakiingia vyooni, kilichokuwa chooni kinatoka nje.

Mtoto ambaye hajawahi kuonja kitimoto anaweza kuanguka kifafa kwa sababu ya kitimoto cha jirani.

Tusipofanya kitu, najua tunakokwenda. Nguruwe wenye vifuko wataendelea kuuzwa kwa siri. Utaratibu wake unajulikana kila mahali nguruwe wanapofugwa. Mchuuzi anafika kijijini, anavuta ulimi, anapapasa. Akigusa kifuko anakataa, au anashusha bei hadi mfugaji analia. Mfugaji amelisha mnyama mwaka mzima, ada ya shule inamsubiri. Anachinja nyumbani, anagawa nusu kilo nusu kilo kwa majirani. Au anampata mchuuzi mwingine ambaye hajali, na huyo anakuja mjini. Sheria inaikataa nyama hiyo. Hasara yote inamwangukia mfugaji peke yake. Sioni sheria ikishinda kwa njia hiyo. Atakayefichua nguruwe mgonjwa anafilisika, atakayeficha analipwa.

Kwa hiyo nguruwe asiugue tangu mwanzo. Hilo linawezekana. Nguruwe hapati tegu kwa nguruwe mwenzake. Anapata kwa kula kinyesi cha binadamu. Nguruwe aliyefungiwa bandani, akaletewa chakula, hapati nafasi hiyo. Nyumba yenye choo kinachofungwa haimpi nafasi hiyo. Banda hilohilo linamkinga pia na homa ya nguruwe, ambayo imemaliza mazizi mara nyingi nchini. Ipo dawa ya oksifendazoli, dozi moja ya miligramu 30 kwa kila kilo ya uzito, inayoua vifuko kwenye nyama. Ipo chanjo iitwayo TSOL18. Vyote viwili vimejaribiwa kwa wafugaji wa Tanzania na vimefanya kazi. Anayetumia dawa amwulize daktari wa mifugo muda wa kusubiri kabla ya kuchinja, kwa sababu mabaki ya vifuko vilivyokufa huchukua wiki nyingi kutoweka kwenye nyama.

Ofisi ya mifugo ya mji iwe na mkaguzi kila asubuhi mahali pamoja panapojulikana, na nguruwe wote wapite hapo. Wote. Mkaguzi akate misuli ya taya, ya moyo, ya bega, atazame ndani. Nyama iliyopita ipigwe mhuri. Na mfugaji ambaye nyama yake imekataliwa apate chochote, hata kama ni dawa ya bure kwa nguruwe waliobaki bandani. Bila hivyo atajificha tena.

Mpishi, kata vipande vidogo, visizidi unene wa vidole viwili. Chemsha kwanza na chumvi na kitunguu hadi maji yakauke, kisha kaanga. Utapata ladha yote, kwa sababu ukoko utakuja mwishoni, juu ya nyama iliyokwisha kuiva. Ukiwa na kipima joto, nyuzi 80 katikati haziachi shaka. Usipokuwa nacho, kata kipande kikubwa kuliko vyote. Kikiwa na wekundu au maji mekundu, rudisha. Kisu kilichokata nyama mbichi kisikate kachumbari. Nawa kila utokapo chooni, kwa sabuni.

Anayedhani ana mnyoo, aliyeona vipande vyeupe bapa kwenye choo chake, aende zahanati akapimwe. Asinunue dawa mwenyewe. Mtu mwenye vifuko vya ubongo asivyovijua anaweza kuanguka kifafa kwa kumeza dawa ya tegu bila usimamizi. Na aliye na kifafa tayari apelekwe hospitali, si kwa mganga. Kifafa kina dawa.

Kuna atakayesema watu hawasikii. Si kweli, na Mbulu ni ushahidi. Helena Ngowi na wenzake walirudi huko na elimu peke yake, wakaifikisha katika nusu ya vijiji 42 na kulinganisha na nusu iliyobaki. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Ulaji wa nyama yenye vifuko ulipungua kwa asilimia 20. Maambukizi mapya kwa nguruwe yalipungua kwa asilimia zaidi ya 40. Hawakugawa chanjo. Waliwaambia watu ukweli kwa lugha wanayoielewa.

Bagara imeambiwa sasa. Leo jioni, mwambie mpishi akate kipande mbele yako. Ndani pakiwa pabichi, kirudishe motoni. Na kesho asubuhi mwulize muuza nyama mhuri uko wapi. Asipouonyesha, usinunue.